Kwa Macho Tu

Muosha magari wetu wa Nyakasanza hakubali mtu aguse gari lenye vumbi, hata mwenye gari. “Vumbi iko na meno, itakwaruza rangi,” anasema, huku akilimwagia maji kuanzia juu. Likikauka, analipaka nta kwa vidole viwili, polepole, akipiga mluzi.

Jana alikuwa amemaliza tu gari ambalo Mama Joëlle angebebea bibi harusi, mvua ikashuka. Tukakimbilia barazani. “Kazi yote imepotea!” Mama Joëlle akalalamika. Muosha magari alibaki nje, ameinamia kapo, kile kifuniko cha injini, anacheka: “Mama, kuya uone! Maji inateleza yenyewe, haishike!” Mama Joëlle akasahau nywele zake za saluni, akatoka mvuani, akanyoosha kidole aguse rangi. Muosha magari akamdaka mkono.

“Kwa macho tu, Mama.”