Kikombe cha Rafu ya Juu

Nakumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, tumekaa ukumbini katika nyumba hii hii ya Kibokoni, mimi na shangazi yangu Bi Rukia binti Athmani. Binti yangu Maryam, wa miaka sita, alikuwa pembeni akicheza na mwana wake wa sesere, niliyemshonea kwa vipande vya leso.

Zama hizo nilikuwa nimeachwa. Mume wangu Abdalla, karani wa bandari ya Kilindini, aliinuka asubuhi moja akaacha chai nusu kikombe, akavuka Feri kwenda kwa mke mwingine Likoni. Talaka aliileta nduguye Saidi, maskini, hata macho hakuweza kuniinulia. Kile kikombe nilikiosha, nikakiweka kabatini rafu ya juu, peke yake, kisinywewe na mtu. Mgeni akikiulizia, namhadithia. Asipokiulizia pia, namhadithia.

Basi tukamsikia Maryam anasema na mwanawe, kwa sauti yangu mimi, hata kule kuguna kwangu: "Babako aliondoka, wala chai hakumaliza. Usimpende mtu, mwanangu."

Mimi nilicheka. Bi Rukia hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Fatuma, siku aliyotoka Abdalla, huyu alikuwa mkubwa wa kiasi gani?"

Nikamwambia alikuwa bado ananyonya.

"Sasa hiyo chai ameiona wapi?"

Bi Rukia akakitazama kile kikombe huko juu. "Wewe eda yako ilikwisha zamani," akasema. "Hicho nacho kitatoka eda lini? Kishushe, unitilie chai."

Nikakishusha, nikamtilia. Akanywa polepole, akamaliza, akakipindua kwenye kisahani nione hakikubaki tone. Hapo nikalia, naye akaniacha nilie. Maryam akaja kutaka yake, nikamtilia kwa kikombe kile kile.

Usidhani nilipona siku ile. Ulimi ulikuwa umezoea. Mgeni akija naanza ile hadithi, kisha nakumbuka, najikatiza, namuuliza habari za watoto wake. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka siku nzima ikapita bila ya Abdalla.

Wewe, mwanangu, huna kikombe. Una meseji za huyo aliyekuacha kwenye simu, kila ukibaki peke yako unazifungua. Sikwambii usahau, mimi mwenyewe hata kanzu aliyovaa asubuhi ile ningali naiona. Nakwambia usiyaweke maumivu mahali pa heshima, ukawa unayapangusa vumbi kila siku. Lia ushibe. Mwambie mtu mmoja anayekupenda, akusikilize mpaka mwisho. Kisha zifute hizo meseji, ule, ulale, utoke na wenzako. Wapo wanaokutazama, na watakachokiona kwako ndicho watakachokibeba.

Juzi Maryam alikuja na wanawe, tukavitoa vyombo vyote. Nikamuuliza kile kikombe cha babake ni kipi kati ya hivi. Akavigeuzageuza, asikijue. Akachukua kimoja chochote, akamtilia mwanawe maziwa.

Haya, mwanangu. Mungu akupoze moyo, akupe usingizi wa mtoto aliyeshiba, na siku yake ikifika akujaalie mwenzio wa kukaa nawe mpaka chai imalizike.