Nyanya za Ndindi zashindana na mtaro

Saa kumi na mbili asubuhi, Ndindi Nzivo anachuchumaa nyuma ya nyumba yake katika mtaa mmoja wa zamani wa Eastlands, kisu cha jikoni mkononi. Mbele yake ipo minyanya miwili tu, na nyanya saba, zote za kijani. Hatua ishirini kutoka hapo, vibarua wanashusha sururu za kuchimba mtaro wa majitaka.

Anachuma moja na kuikata katikati. Kisu kinapita moja kwa moja, kinakata hadi mbegu zake.

"Bado," anasema. "Mbegu ikikomaa inakuwa na ute. Kisu kikija, inateleza kando. Hii imekatika. Haiwezi kuota."

Zimebaki sita.

Ndindi, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, huuza mboga kibandani karibu na lango la mtaa. Sukuma na vitunguu hununua soko la Muthurwa, lakini nyanya hukuza mwenyewe, kwa mbegu aliyopewa na mama yake, Ndete, alipotoka Makueni kuja kuolewa mjini miaka thelathini na tano iliyopita. Marehemu Ndete hakuacha shamba, na hakuna aliyewahi kumpiga picha.

"Hii ndiyo kitu ya mama niko nayo," anasema. "Sina ingine."

Mvua ya Aprili ndiyo iliyomtia matatani. Paa lilivuja juu ya mkebe wa mbegu, zikaoza. Akachambua zilizosalia, akazisia zote, zikaota mbili.

"Miaka yote hiyo niliweka mbegu mahali pamoja," anasema. "Nani hufanya hivyo? Ni mimi nilikosea mama."

Maua yalichanua mwanzoni mwa Julai. Ndindi huanza kuhesabu siku ua linapofunguka. Jua likiwa kali, anasema, siku arubaini na tano hutosha nyanya kuwa nyekundu. Baridi ya Julai ikibana, hufika sitini, na hakuna wa kuziharakisha. Mbegu ndani hukomaa siku chache kabla ya wekundu kuingia.

Notisi ya mtaro ilibandikwa maua yakiwa na siku nne. Wakazi walipewa mwezi mmoja wa kung'oa walichopanda. Hesabu hiyo, siku kama thelathini na nne badala ya arubaini na tano, ilimnyima Ndindi usingizi.

Kuhamisha minyanya hakuwezekani, kwani mizizi ikiguswa wakati huu matunda hupukutika. Majirani walimshauri azichume nyanya hizo, azifunike pamoja na ndizi mbivu.

"Zitakuwa nyekundu, sikatai," anasema. "Lakini mbegu ndani ni changa. Hiyo ni nyanya ya kupika."

Msimamizi wa vibarua, Willis Oketch, anakuja kuuliza kwa nini mama huyu hajaondoa mimea yake. Ndindi hagombani. Anamwonyesha nyanya iliyokatwa, anamweleza habari za Ndete tangu mwanzo. Willis anakuna kichwa.

"Mathe, mimi natumwa tu," anasema mwishowe. "Lakini hakuna mtu ameniambia nianzie upande gani. Naeza anzia kule chini kwa barabara. Jumamosi nitakuwa nimefika hapa. Hapo sitakuwa na la kufanya."

"Asante, baba," anajibu Ndindi. Kama siku hizo zitatosha, hajui.

Jumamosi tunarudi. Ni siku ya thelathini na tisa tangu maua yachanue. Mtaro umefika kwenye ukuta wa jikoni, na vibarua wamesimama kumngoja.

Ndindi anachuma nyanya, bado ya kijani ila imeanza kupauka kitakoni. Anakata polepole, kisha anasukuma ute kwa kidole. Mbegu zimekwepa kisu. Ni nzima zote.

Anakaa chini pale pale udongoni na kulia, bila kumwonea mtu haya.

Akitulia, anachuma tano zilizobaki. Ataziacha ziive taratibu ndani ya nyumba, akamue mbegu, azianike. Mwezi wa kumi atasia kwenye magunia kwa dada yake kule Mukuru kwa Njenga.

Nne anazifunga kwenye leso. Ya tano anamkabidhi Willis, ambaye kwao ni Siaya.

"Panda kwenu," anamwambia.

"Nikiulizwa ni nyanya gani, niseme inaitwaje?"

"Iite Ndete," anasema. "Na zangu zikipotea tena, nitapanda basi mpaka Siaya, nije nikuombe mama yangu."