Oktavian Aliyejichoma Kwanza

Bado sijakubali, jamani. Asubuhi wamenipigia kutoka Idete kwamba Oktavian hayupo, nikawauliza Oktavian yupi, kana kwamba nawajua wawili.

Mjukuu ndiye anayeandika hapa, mimi nasema tu. Macho yangu na simu hayapatani.

Miaka ya hamsini Oktavian alikuwa mtu wa maabara hospitalini Ifakara, mimi nesi mwanafunzi. Maringo sasa! Kaptula imenyooshwa, soksi hadi magotini, na darubini yake ole wako uiguse.

Siku hizo ndugu wa mgonjwa ndio waliotoa damu, na waliogopa mno. Walituita mumiani, eti tunanyonya watu. Ndiyo maana Oktavian alijichoma sindano yeye kwanza mbele yao, halafu akaipima damu yake pamoja na zao. Kila mara, hata ukimwambia anachelewesha kazi.

Siku moja akaletwa dada yangu Anastazia kutoka Kivukoni. Amejifungua, damu haikatiki. Yangu haikupatana na yake. Mashemeji watatu wakasimama uani, mikono wameificha.

Oktavian akajichoma. Hakuna aliyemfuata. Akasema basi, atatoa yake, akaingia kuipima. Nikashukuru Mungu mapema.

Akatoka amekunja mikono ya shati vizuri kabisa.

"Yangu haifai," akasema, mbele ya watu wote. "Ina kaswende."

Jamani! Zilikuwa zimebaki wiki mbili afunge ndoa. Angesema tu kundi halilingani, nani angejua? Mimi mwenyewe nilitamani ardhi inimeze kwa ajili yake.

Kisha shemeji mkubwa, Method, akakunja mkono wa shati.

"Kama ya kwake hakuificha, yetu hatatudanganya. Nichome."

Wenzake wakajipanga nyuma yake. Ya Method ikaonekana safi, ikapatana na ya dada, na Anastazia akaishi.

Harusi ilisogezwa tu. Bwana na bibi harusi wakadungwa sindano zao, wakapona, wakaoana. Nilicheza ngoma mpaka viatu vikakatika.

Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti. Mtu kama yule sijamwona tena.

Kaka Oktavian, mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ana mvi. Kesho atakuwa mbele kubeba jeneza lako, ameomba mwenyewe.

Ulizoea kuanza wewe ili sisi tusiogope. Haya, tangulia, ulale kwa amani. Tumejipanga nyuma yako.