Sakafu ya Stesheni

Baba alifanya kazi katika mji mmoja wa ng'ambo kabla sijazaliwa. Ni fundi wa vigae. Tukimuuliza mji ukoje, jibu lilikuwa lilelile: ukuta mweupe, geti la kijani, gari linakuja, gari linaondoka. Tulikuwa tunamcheka. Kisha kampuni ya umeme ikanipeleka kulekule kwa mkataba wa miaka miwili, na bweni nililooneshwa lilikuwa na ukuta mweupe na geti la kijani. Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Msimamizi wetu, mtu wa sauti ya upole, alitupa kanuni. Mgeni hatoki bila gari la kampuni. Akionekana mjini mara ya kwanza, onyo. Mara ya pili, ndege ya kurudi kwao.

"Ni kwa usalama wenu," alisema.

Usalama gani, na nje ya geti bibi kizee anapita na kikapu chake, hana hata mbwa wa kumlinda?

Siku ya mapumziko nilitoka getini nikijichanganya na wapishi waliomaliza zamu. Lugha sikuijua, njia sikuijua, lakini nyaya nazijua. Nilifuata nguzo za umeme kuelekea zinakozidi kusongamana, maana penye nyaya nyingi pana watu wengi. Nikakuta mtaa wa washona viatu. Nikakuta mtaa wa maduka ya vioo, nikajiona kila upande nikiwa na ovaroli ya kampuni, jina la kampuni mgongoni. Akili zangu hizo. Dereva wetu aliniona kutoka mbali, akanirudisha, nikapewa onyo langu.

Wenzangu wakanibandika jina, Kiguu na Njia.

"Utakula jeuri yako," alisema niliyelala naye chumba kimoja.

"Nitaila, tena bila mboga."

Jioni ile Baba akapiga simu, akauliza mji ukoje. Nikafungua mdomo, na kilichonijia kilikuwa ukuta mweupe. Hasira zilinipanda. Nilipotulia nikamuuliza alijenga nini huku.

"Sakafu ya stesheni ya treni. Vigae vyekundu na vyeupe. Tulipoweka kigae cha mwisho tukapakiwa garini, kesho yake uwanja wa ndege."

Hakuwahi kuona mtu akiikanyaga. Basi, ndege na iwe ndege.

Mapumziko yaliyofuata nilivaa gauni la maua, nikatoka mchana kweupe, nikamsalimia mlinzi kwa heshima zote. Nguzo zikanifikisha relini, reli ikanifikisha stesheni. Vigae vilikuwepo, vimelika katikati wanapopita watu, pembeni bado vinang'aa. Nikampigia Baba kwa video, nikaelekeza simu chini, nikaanza kutembea.

"Toka hapo," alifoka. "Pita pembeni, hapajakauka."

Nikasimama. Kwenye simu alikuwa ameganda, mkono juu. Akaushusha polepole.

"Pamekauka, Baba. Watu wanapita."

Akatazama viatu vya watu. Kisha akasema, "Haya, tutoke nje." Tukatoka. Msimamizi alipiga, nikamkatia, akapiga tena, nikamkatia tena. Nilimtembeza Baba mpaka chaji ikaisha.

Msimamizi alinisubiri getini. "Unajua maana yake?"

"Najua. Nguo nilishapanga asubuhi."

Nyumbani shangazi hajanisamehe mpaka leo. Kazi nzuri vile, anasema, nimeichezea kama mtoto. Aseme. Juzi jirani alikuja kumuuliza Baba, kwa ile huruma ya kutafuta habari, kama ni kweli binti yake amefukuzwa ng'ambo.

"Kweli kabisa," Baba alisema, akamsogezea kiti. "Sasa sikiliza. Ukitoka stesheni, ukashika kushoto, kuna mtaa mzima wa washona viatu."