Bingwa Niliyempitisha Mlango wa Nyuma

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka mke wangu huniuliza kutoka jikoni nina nini. Nilikuwa kijana, sina muda tangu nitoke Unguja, naendesha gari la hoteli moja hapa Dubai, mtaa wa Deira. Nilijipulizia manukato kupita kiasi na nilijiona najua kila kitu kuhusu wageni.

Nikapewa kumwendesha bingwa wa mbio za mita mia. Mama huyu alitoka kisiwa cha Karibi, kidogo hivi kwamba, alivyoniambia mwenyewe, kwenye ramani jina lake huandikwa baharini kwa sababu kisiwani halienei. Alianza kukimbia shuleni, akaja kuwashinda wanawake wa mataifa makubwa, na siku aliporudi kwao na medali ya kwanza, maduka yote yalifungwa. Sasa umri ulikuwa umekwenda, na mbio za hapa Dubai ndizo za mwisho. Njiani aliniambia ana furaha, maana wako watu wachache wa kwao wanaofanya kazi mjini humu, wapishi na wauguzi. Wameomba ruhusa kazini, na mbio zikiisha watamngoja kwenye geti kubwa.

Basi, akakimbia. Katikati ya njia msuli wa paja ukamkaza, akamaliza wa mwisho akichechemea.

Roho iliniuma. Kwetu, unajua, mtu akifikwa na la kumvunja uso husitiriwa. Nikamtoa mlango wa nyuma, nikafunga mapazia ya gari, nikashika njia ya hotelini huku najisifu moyoni kwa adabu yangu. Tulikuwa tushafika mbali alipofunua pazia.

"Mbona geti kubwa sikuliona?"

"Nimekusitiri, madam. Watu wasikuone hivi."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha. "Wale si watu baki. Wamekuja kuniona mimi, hawakuja kuona medali. Geuza gari."

Nikageuza. Foleni ya Dubai unaijua. Njia nzima natazama saa, maana alfajiri alikuwa na ndege, na akiwakosa basi tena. Getini mlinzi, kijana wa Kikenya, akanipungia mkono: "Khalas, kaka, wameenda kupanda basi." Tukawakuta kituoni, mmoja mguu ushaingia ndani. Bingwa akashusha kioo, akawaita mmoja mmoja kwa jina, akashuka. Wakamvamia, wakalia, kisha mmoja akaanza kuigiza alivyochechemea, na bingwa akacheka hadi akakaa chini kando ya barabara. Nikawapeleka wote kula biriani, wakanilazimisha nile nao. Sijamwona tena mtu aliyeshindwa akala kwa furaha namna ile.

Nakwambia haya kwa sababu nawaona ninyi vijana wa hapa mjini. Kazi ikiisha, au mtihani ukikataa, mnazima simu. Mama huko nyumbani anapiga mpaka anachoka, ninyi mnangoja mambo yakae sawa kwanza. Najua si kiburi, ni haya. Lakini mwanangu, jisitiri kwa watu baki. Kwa walio wako, nenda na kuchechemea kwako hivyo hivyo. Piga simu leo, useme imeshindikana, uwaache wakulilie na wakucheke. Mungu akupe ushindi mwingi, na siku atakayokunyima ushindi, asikunyime watu wako. Amin.