Ngumi ya Babu na Mzinga wa Meli

Kaburi la babu yetu lilikaa zaidi ya miaka hamsini likiwa tuta la udongo tu kwenye migomba, pale nyumbani Nyabiyonza, na jiwe moja upande wa kichwani. Mwaka juzi ukoo tukakubaliana tulijengee kwa saruji, kama watu wanavyofanya siku hizi. Saruji haikuleta ugomvi. Ugomvi uliletwa na maandishi.

Mimi nilitaka paandikwe: ALIVUTA MZINGA WA MELI. Mdogo wangu ni mzee wa kanisa, mtu asiyependa mchezo. Akakataa mbele ya wote.

"Kaka, kaburini hapaandikwi hadithi za kwenye pombe ya rubisi."

"Si hadithi. Alituambia mwenyewe, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Alituambia pia kwamba kichwa cha mtoto kinaingia kwenye mtutu wake. Haya, meli gani ilipanda huu mlima wa Ihanda? Ilikuja kununua kahawa?"

Watu wakacheka mpaka shangazi akamwaga chai. Mimi sikucheka. Babu alichekwa maisha yake yote kwa maneno hayohayo, na sasa alikuwa anachekwa akiwa chini ya ardhi, hawezi kujibu. Nikasema kaburi lisiandikwe kitu mpaka nipate ushahidi. Mdogo wangu akasema sawa, ila nisipoupata litaandikwa jina na msalaba, basi.

Niseme alichotuambia babu, maana msomaji hakuwepo. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasema kama nilivyosikia. Vita ile ya kwanza ya Wazungu, babu alikuwa kijana. Wakachukuliwa vijana wengi wa huku, wakatembea hadi upande wa Tabora, na huko wakakuta mzinga. Ulikuwa wa meli ya Wajerumani iliyojificha kwenye mdomo wa mto mkubwa huko pwani, ikapigwa na Waingereza, ikazama. Wajerumani hawakukubali kuacha mali. Walizamia, wakaivua mizinga yake mmoja mmoja, wakaitengenezea magurudumu ya chuma, wakaileta nchi kavu. Na nchi kavu, wa kuvuta ni nani? Ni babu na wenzake, kwa kamba, mabegani. Wengi walifia njiani, kwa homa na njaa, na hilo babu hakulifichia maneno mazuri. Lakini mzinga wenyewe aliusifu kama mtu anavyomsifu fahali wa jirani anayemwonea wivu.

"Ulikuwa mzito kuliko ng'ombe wa zizi zima," alikuwa anasema, "lakini ukishasimama, mtu mmoja anauzungusha kwa gurudumu dogo la mkono, taratibu, bila kutoa jasho."

Alisema ulitengenezwa hivyo kwa sababu meli haitulii juu ya maji, na mpigaji anatakiwa aweze kufuata shabaha huku sakafu inampandisha na kumshusha. Ndani ya mtutu kulichongwa mifereji inayojisokota, ili kombora litoke linazunguka na lisipepesuke. Ukiupiga, mtutu wote unateleza nyuma hatua moja, halafu unarudi mbele wenyewe, polepole, kama mtu aliyeshtuka kisha akakumbuka heshima yake. Chini yake kulikuwa na springi na mafuta. Mafuta ya Ulaya yalipokwisha wakaupaka ya karanga, na safari nyingine samli. "Ulikula samli kuliko sisi," babu alisema, na hapo ndipo alipocheka yeye.

Sasa kilichowachekesha watu zaidi ni mlango. Huku kwetu watu walijua gobore, linaloshindiliwa baruti mdomoni. Babu akawaambia mzinga ule ulipakiwa kwa nyuma, na una mlango wa chuma unaoteleza kwenda kando, kama mti wa kufungia zizi la mbuzi. Loo! Basi kila alipopita kwenda Kanoni kwenye kilabu, walimwuliza: "Mzee, mbuzi wako wa chuma umewafungia?"

Kuna jambo jingine, nalo wakati ule sikujua ni la hadithi hii. Kwetu mtoto hasukumi kuni jikoni kwa vidole vilivyonyooka. Anakunja ngumi, anasukuma kwa ngumi. Babu alikuwa mkali sana kwa hilo. Ukinyoosha vidole anakupiga kofi mkononi. "Funga mkono!" Bibi alifunga mkono, baba alifunga mkono, wake walioolewa kwetu walifundishwa wiki ya kwanza, nao wakadhani labda ni mwiko wa ukoo. Majirani walituita watu wa ngumi. Babu hatukumwuliza sababu. Zamani mtu mzima hakuulizwa sababu ya kofi.

Basi. Mjukuu wangu mmoja ameolewa ng'ambo, Uganda, katika mji ulio kando ya ziwa. Nilipomsimulia ule ugomvi akanitumia picha kwenye simu: mzinga mkubwa umesimama kwenye uwanja, umepakwa rangi ya kijivu. Akasema wenyeji wanaueleza kuwa ni wa meli ya Wajerumani. Nikamwonyesha mdogo wangu. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Picha siku hizi zinatengenezwa," akasema.

"Basi twende wote ukaushike."

Nilidhani atakataa. Lakini yule, ukimtoa ukali wake, ni mtu wa haki. Tukapanda bodaboda mpaka Kyerwa, tukavuka Murongo kwa karatasi zetu, tukapanda basi. Njia nzima analalamikia magoti, na mimi viatu vilikuwa vinanibana, viatu vya mtoto wangu, nimevivaa kwa ajili ya kuonekana mtu.

Uwanja ule ulitunzwa na mama mmoja, mjane wa askari, Kiswahili chake cha kambini. Akatukaribisha vizuri. Mimi sikumsikiliza. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mzinga, nikatazama. Mlango ulikuwa umeganda kwa kutu, wazi, umetelezea kando kabisa.

"Zizi la mbuzi!" nikapiga kelele. "Mdogo wangu, njoo uone zizi la mbuzi!"

Akaja. Akatazama mlango, akauzunguka mzinga, akainama kuangalia pipa la springi chini ya mtutu, akachungulia mifereji. Kusema kweli ulikuwa mzuri. Nilitegemea nione kitu cha kutisha, nikaona kazi ya mikono ya watu waliojua, kila pembe imekaa mahali pake, na kutu yote ile haikuuondolea umbo. Halafu mdogo wangu akaenda mbele, akapima mdomo wa mtutu kwa kiganja.

"Kichwa cha mtoto?" akasema. "Hapa hata cha mwana-mbuzi hakipiti."

Kweli hakipiti.

"Na hayo ya mlango angeweza kusikia kwa wengine," akaendelea. "Mbebaji mizigo angehusikaje na kazi ya kupakia?"

"Alisema wapakiaji walikufa kwa homa, ndipo Wajerumani wakamfundisha yeye."

"Alisema."

Yule mama alikuwa anatusikiliza. Akaokota kipande cha mti, kinene kama mkono, akakiweka kwenye tundu la nyuma kikabaki kinachungulia.

"Wazee wangu, hilo ndilo kombora. Lisukumeni ndani."

Nikalisukuma mimi. Mdogo wangu naye akalisukuma baada yangu. Yule mama akatukodolea macho.

"Nyinyi mlikuwa jeshini?"

"Hapana," tukasema.

"Basi nani amewafundisha? Kila anayekuja hapa anasukuma kwa vidole, ndipo mimi namwambia mlango ungefunga na vidole vingebaki ndani. Marehemu wangu alikuwa mpiga mizinga. Alisema somo la kwanza la mpakiaji ni hilo, ngumi."

Nikatazama mkono wangu. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa bado ameukunja wake ndani ya tundu, hajautoa, kama mtoto aliyekamatwa jikoni.

"Funga mkono," akasema kwa sauti ndogo.

Njiani kurudi hakulalamikia magoti.

Siku ya kujengea, fundi alipolainisha saruji, nikachukua msumari nikaanza kuandika kwa mwandiko wangu mbaya wa darasa la nne: ALIVUTA MZINGA WA MELI. Mdogo wangu akanishika mkono. Nikadhani ameghairi, nikajiandaa kugombana naye mbele ya mchungaji.

"Lete huo msumari," akasema. "Kuvuta walivuta wengi." Akapiga magoti pale kwenye udongo, na suruali yake ya kanisani, akaongeza kwa herufi zake nzuri: NA KUUPAKIA.

Kuhusu kichwa cha mtoto, tulikubaliana tusiandike kitu.