Nilifundishwa Moyo kwa Kiingereza

Jumamosi, kijijini Nangwa, tumemzika daktari ambaye wengi wenu hapa Hanang mmepita mikononi mwake. Figo zilimshinda. Pale kaburini mwakilishi wa chuo cha udaktari alichosomea alimwita marehemu fahari ya chuo. Nilikunja uso, kwa maana najua marehemu alikionaje chuo hicho.

Alisoma miaka ile vyuo binafsi vilipofunguliwa kwa pupa, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga na una njaa ya madaktari. "Kitanda kimoja tunakizunguka darasa zima," aliniambia, "na mimi mfupi. Nimehitimu najua visogo vya wenzangu kuliko matumbo ya wagonjwa." Tulicheka. Kisha akanisimulia habari za bibi mmoja wa kijiji cha Hirbadaw, na kicheko kikamwisha. Alimwamkia shikamoo, bibi akaitika, akasema, "Mjukuu wangu, moyo unanichoma." Yeye akaandika ugonjwa wa moyo, akampa aspirini. Siku ya nne bibi alirudishwa anatapika damu, akafa. Muuguzi mzee ndiye aliyemweleza: "Daktari, huku mtu akisema moyo, anashika hapa," akagusa chembe ya moyo, juu ya tumbo. Vilikuwa vidonda vya tumbo, na aspirini ilivichokonoa. "Ungemwambia akuonyeshe kwa kidole tu," muuguzi alimwambia. Miaka yote ile chuoni, hakuna aliyemfundisha hilo.

Baadaye chuo kiliwatumia wahitimu fomu: mafunzo yalikuandaa vipi? Wenzake walijaza "vizuri sana", maana nani anataka cheti chake kidharauliwe? Yeye aliandika: "Nilifundishwa moyo kwa Kiingereza. Bibi mmoja amekufa kwa Kiswahili." Hakujibiwa. Akaniletea nakala. "Kaka, wewe unasomwa gazetini. Iandike, na jina langu uweke." Nilimwahidi, lakini sikuandika. Binti yangu alikuwa mwaka wa pili chuo hicho hicho, niliogopa wangemsumbua. Kila tulipokutana aliniuliza, nami nikamsingizia mhariri, mpaka akaacha kuuliza. Naona aibu kuandika haya.

Leo nimeiandika, wakati mwenyewe hawezi tena kuitetea, na jina lake nimeogopa kuliweka. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba ushahidi wa mhitimu hutolewa akiwa hai. Nilidhani namlinda binti yangu, kumbe nililinda chuo. Naye amefundishwa vile vile. Jumatatu anaanza kazi Mbulu, na wagonjwa wake hawajui.